Mtu Aliyezisifu Chembe za Uboho

Tulimwita Daktari wa Damu. Neno "damu" alilikubali, neno "daktari" alilikataa, na alilikataa kwa sauti iliyofika mpaka kwenye foleni ya wagonjwa, hasa daktari wa kweli akiwa karibu. Alikuwa akisema yeye ni fundi wa maabara, na kwamba daktari hukisia lakini fundi huangalia. Kwa maneno hayo alijipatia maadui wengi wenye vyeti vikubwa, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumhamisha, kwa sababu katika hospitali ile ndogo ya upande wa Msambweni yeye ndiye peke yake aliyejua namna ya kuitengeneza hadubini ilipogoma.

Alikuwa mfupi, mwenye kitambi cha mtu anayependa kukaa. Wanaume wengine hubeba kalamu kwenye mfuko wa shati. Yeye alibeba vichupa viwili vya vioo vyenye vifuniko, vitupu, vimefungwa kwa karatasi. Nilimuuliza ni vya nini. Akasema mtu hajui ni saa ngapi atakutana na kitu cha kupima. Mkewe aliniambia baadaye kwamba alivibeba hata harusini.

Mimi niliajiriwa pale kama karani wa kupokea sampuli. Siku ya kwanza alinipa mtihani wa swali moja: damu hutengenezwa wapi? Nikajibu moyoni. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeangalia samaki aliyelala siku tatu sokoni Ukunda.

"Moyo ni pampu, mwanangu," alisema. "Haujawahi kutengeneza kitu isipokuwa taarabu. Damu hutengenezwa ndani ya mfupa, kwenye uboho, huo mnaoufyonza mkinywa supu."

Uboho ulikuwa dini yake ya pili. Nasema ya pili kwa sababu ya kwanza aliishika vizuri, ila kwa masharti yake. Ijumaa moja khatibu alisema kwenye hotuba kwamba moyo ndio chimbuko la damu. Daktari wa Damu hakusubiri hata watu wavae viatu. Alimfuata barazani, akamtolea shikamoo kwa adabu zote, kisha akamsahihisha mbele ya mashahidi. Tangu siku hiyo, kila hotuba iliyogusa mwili wa binadamu ililetwa maabara Alhamisi ikakaguliwe. Aliisoma akiwa na kalamu nyekundu.

Lakini jambo alilolipenda kupita yote lilikuwa habari ya mishipa. Mgonjwa angekuja kutobolewa kidole tu, naye angeondoka na darasa. Aliwaeleza kwamba mshipa wa damu umepigwa lipu kwa ndani, tabaka jembamba sana, laini, linalofanya damu iteleze. Sukari ikizidi, au presha, au moshi wa sigara, lipu ile huchubuka. Na ikichubuka, alisema, uboho husikia habari kabla ya mwenye mshipa. Hapo hutoka chembe ndani ya mfupa, changa, hazijaamua hata zitakuwa nini, zikaingia kwenye damu na kusafiri mpaka kwenye jeraha, zikajibandika pale, zikageuka kuwa lipu mpya.

"Wewe umelala unakoroma," alimwambia mtunza bustani mmoja wa hoteli ya Diani, "na ndani yako kuna mafundi wametoka nyongani wanakwenda kuziba ufa shingoni. Hawakuombi hata chai. Angalau basi acha sigara."

Yule bwana alituambia aliacha. Daktari wa Damu hakumwamini, lakini alifurahi.

Watu walimuuliza kama kula uboho kungeongeza mafundi hao. Ilikuwa hoja ya maana, kwa kuwa yeye mwenyewe kila saa nne alikuwa kwenye kibanda cha supu nje ya lango, akigonga mfupa kwenye sahani mpaka sahani ikalalamika. Jibu lake lilikuwa moja siku zote: kama kula ubongo wa mbuzi kungempa mtu akili, basi wachinjaji wangekuwa maprofesa. Kisha aligonga tena.

Alikuwa na ulimi mkali, na sitamsafisha kwa sababu nampenda. Mfugaji mmoja aliletwa kutoka upande wa Taru, mweupe kama karatasi kwa upungufu wa damu, na daktari mgeni akaamua avutwe uboho kidogo kwenye mfupa wa nyonga ili ujulikane umeingiliwa na nini. Yule mzee aligoma. Alikuwa amesikia kwamba ukitolewa uboho unatolewa nguvu zako zote, na akauliza atabaki na nini.

"Utabaki na ukaidi wako wote," Daktari wa Damu alimwambia. "Huo hatuugusi, hatuna chombo cha kuubeba."

Nilidhani tutapigwa. Kisha mfugaji akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akajilaza ubavu mwenyewe. Sindano ilipoingia, Daktari wa Damu alimshika mkono wakati wote huku akimuuliza majina ya ng'ombe wake mmoja mmoja. Ugonjwa ulipatikana, dawa ikapatikana. Miezi baadaye mzee alirudi na rangi yake usoni, akaja maabara moja kwa moja kumtukana kwa mapenzi.

Mkono alimshika kwa nguvu, kwa sababu ambayo mgonjwa hakuijua. Ilikuwa siri ya maabara, yaani sote tuliijua: Daktari wa Damu aliogopa sindano. Kuchoma wengine sawa. Kuchomwa yeye, hapana. Mwaka ambao wafanyakazi wote walipimwa, alikaa kwenye kiti akitoa maelekezo kwa muuguzi, jinsi ya kufunga mpira, jinsi ya kuinamisha sindano, na alipoiona inakaribia akaanguka yeye na kiti chake. Alipozinduka alisema sakafu ilikuwa na utelezi.

Na sukari. Alikuwa nayo kwenye damu miaka mingi, akijua namba zake kuliko alivyojua umri wa watoto wake. Hata hivyo chai yake ilikuwa vijiko vinne, na kwenye droo ya chini, nyuma ya masanduku ya glavu, kulikuwa na halua. Nilipomkuta nayo hakuificha. Alisema wengine wanajiua kwa ujinga, yeye anajiua kwa elimu, na akanikatia kipande.

Lakini kuna jambo nililoliheshimu kwake ambalo sijaliona kwa wakubwa wengi. Asubuhi moja alikuja na karatasi alizochapishiwa na daktari kijana, makala za watafiti, zimepigiwa mistari kila mahali. Macho yalikuwa mekundu. Akasimama kwenye chumba cha chai, akagonga kikombe kwa kijiko, akatangaza kwamba ametudanganya miaka yote.

Tukafikiri amekula kitu cha serikali.

Kumbe ilikuwa habari ya chembe zake. Alisema zile chembe za uboho kweli hutoka, kweli husafiri, kweli hufika kwenye jeraha. Lakini nyingi hazigeuki kuwa lipu kama alivyokuwa akifundisha. Zinakaa pale muda mfupi, zinamwaga ishara zao, zinawachochea wenyeji, na wenyeji ndio wanaofanya kazi ya kuziba. Akasema ni kama harusini: wageni wamekuja kwa gari na vigelegele, sifa zote wamechukua, na wapishi ni watu wa nyumba ile ile. Tena wakati mwingine, akasema kwa uchungu hasa, wageni hao wanazidisha. Kovu linakuwa nene, na mshipa waliokuja kuutengeneza unazibwa.

Mpishi wa hospitali aliuliza kama sasa chai inaweza kunyweka. Hakuna mwingine aliyejali. Mimi nilijali, kwa sababu sijawahi kumwona mtu mzima akihuzunika kwa kukosea jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

Ndipo yakaja ya mama yangu.

Mama alikuwa akiishi Bodo, kwenye shamba letu la minazi, na sukari alikuwa nayo akiipuuza vilevile. Alijikwaa kwenye kigogo cha mkoko, akakwaruza kidole cha mguu. Kidonda hakikupona. Kwanza kikawa chekundu, kisha zambarau, kisha kidole kikaanza kuwa cheusi, na cha pili kikakifuata. Daktari wa upasuaji alituambia mishipa ya mguu ule imebana, damu haifiki chini vya kutosha. Mshipa mmoja ungeweza kujaribiwa kufunguliwa kule Mombasa, lakini vidole viwili havina budi kukatwa, na tukichelewa, itakuwa mguu.

Wakati huo huo, Ukunda, juu ya duka la magodoro, ilikuwa imefunguliwa kliniki. Bango lake lilionyesha mguu mweusi upande mmoja na mguu mzuri upande wa pili, na maneno kwamba chembe za uboho hujenga mishipa mipya bila kukatwa. Kaka yangu alinitumia picha ya bango kwenye simu. Niliisoma. Kila neno nililijua. Mafundi kutoka kwenye mfupa, lipu mpya, mshipa kujitengeneza: miaka kumi na moja nilikuwa nikiyasikia maneno hayo kila siku nikinywa chai.

Kaka alitaka tuuze shamba. Mama alisema auze hata minazi mmoja mmoja, bora asikatwe, kwa sababu hataki kufika kwa Mola wake akiwa pungufu. Nami nilikubaliana nao. Nilikwenda kumwambia Daktari wa Damu nikitegemea baraka yake. Nilitaka aseme ndiyo.

Alivua koti la maabara, akavaa kofia yake, akaniambia twende.

Kule juu tulipokelewa na kijana mwenye koti jeupe kuliko letu, mtu wa bara, mchangamfu sana. Akatuambia, "Karibu mzee, karibu madam, hapa hakuna kisu, ni teknolojia tu." Akafungua friji ndogo akatuonyesha vichupa. Daktari wa Damu siku hiyo alijifanya mshamba kupita kiasi. Aliuliza taratibu, kwa Kiswahili chake kirefu, uboho huo ni wa nani. Kijana akasema ni wa watu wenye afya. Akauliza umetolewa wapi. Nje, akaambiwa. Akauliza unasafishwaje, na mashine iko wapi. Kijana akasema mashine iko chumba cha pili, lakini hairuhusiwi kuonwa kwa sababu ya vijidudu.

"Haya," Daktari wa Damu alisema. "Nipe tone moja tu, nikalisomee dua."

Kijana alicheka. Akampa. Nadhani alimwonea huruma, mzee wa kofia na kandambili anayetaka kubariki teknolojia. Tone likaingia kwenye kichupa cha mfukoni, kifuniko kikafungwa, tukashuka, tukapanda tuktuk, na njia nzima mzee hakunena neno. Kwa mtu kama yule, hilo peke yake lilinitisha.

Maabara aliliweka chini ya hadubini, akatazama, akainuka akanipisha kiti. Nilitazama. Hapakuwa na kitu. Nilisogeza kioo huku na huku, nikitafuta hata chembe moja, hata iliyokufa. Aliniambia nisubiri likauke. Lilipokauka vikatokea vipande vidogo vya mraba, vinang'aa, vizuri sana.

"Chumvi," alisema. "Maji na chumvi. Umekuwa ukiogelea kwenye dawa hiyo tangu utotoni."

Sikucheka. Nilimgeukia nikamwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu wa umri wake. Nikamwambia ni yeye. Ni yeye aliyetujaza habari hizi, ni yeye aliyewasifu mafundi wake mpaka kila mgonjwa wa kusini akawaamini, na sasa mama yangu anakatwa vidole huku yeye anafanya mzaha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, polepole, "Nilikufundisha zinavyofanya kazi, Mejumaa. Sikukwambia zinauzwa." Akaongeza kwamba huenda siku moja watu wa kweli watalipata jambo hilo, wapo wanaojaribu, na wanaojaribu husema wanajaribu. Hawachori bango.

Usiku ule ule alimpigia mama simu. Sijui alimwambia nini chote. Najua sehemu moja, kwa sababu mama aliirudia kwa miezi: kwamba Mola aliyemuumba kutoka kwa tone hatashindwa kumtambua kwa vidole vinane. Mama alisema yule mtu hana adabu, na asubuhi akasema apelekwe Mombasa.

Mshipa ulifunguliwa. Vidole viwili vilikatwa. Mguu ulibaki, na mama anatembea nao mpaka leo, upande kidogo, akilalamika kuhusu viatu. Shamba lipo. Kaka hakumsalimu Daktari wa Damu kwa mwaka mzima, maana mtu aliyekunyima matumaini ni vigumu kumshukuru hata kama matumaini yenyewe yalikuwa maji ya chumvi. Mama alimpelekea ndoo ya kaimati zilizozama kwenye shira, akijua fika kuhusu sukari yake. Sikuwahi kufahamu kama ilikuwa shukrani au kisasi. Alizila zote.

Aliandika barua kwa afisa wa afya, akaifuata kwa miguu yake mara tatu, na mwishowe bango likashushwa. Duka la magodoro likapanda juu. Sisi wa maabara tulitaka kumfanyia sherehe kidogo, tukawa tunahadithia jinsi watu walivyodanganywa, jinsi mtu anavyoweza kuwa mjinga kiasi cha kupanda ngazi ile. Yeye aliinuka akaenda kuosha vioo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Alistaafu. Tulimuaga kwa pilau na hotuba ambazo alizisahihisha zikiendelea.

Mwaka huu nilikwenda kumtembelea kwake, nyuma ya Diani, ambako barabara ya lami inaishia na kelele za hoteli hazifiki. Mimi sasa ndiye ninayetoa damu wagonjwa, nimesomea. Mkewe alinikaribisha, nikampa shikamoo, akaniambia yuko ndani na amekuwa mtu wa hasira. Nilimkuta kitini ameegemea mito, mguu wa kulia juu ya kigoda, umefungwa bendeji. Alikuwa amekonda. Kitambi kilikuwa kimeondoka, na bila kitambi alionekana kama mdogo wake mwenyewe.

Tulizungumza ya kazini. Nikamweleza nani amehamishwa na nani atahamishwa. Kisha nikauliza habari ya mguu, naye akatazama mlango kuhakikisha mkewe yuko jikoni.

Aliniambia mashavu ya miguu yake yalianza kuuma miaka mingi nyuma, kabla hata ya mama kuugua. Kutoka langoni mpaka maabara alikuwa akisimama mara mbili, akijifanya anaangalia simu, akingoja maumivu yapoe. Alijua hasa ni nini. Na kliniki ile ilipofunguliwa, wiki ya kwanza kabisa, alipanda ngazi.

Sikuelewa. Nikamuuliza alipanda kuchunguza?

"Nilipanda kutibiwa," alisema. "Nilidungwa mara nne kila mguu. Sikuanguka hata mara moja."

Akaendelea, akitazama ukuta. Alisema siku ya pili ndipo akili ilipomrudia, akaenda akamwomba mtu aliyemdunga, si yule kijana tuliyemkuta sisi, kichupa kilichobaki akakipima. Alikaa maabara peke yake akiangalia ile chumvi. Maarifa yote alikuwa nayo, karatasi zote alikuwa amezisoma, mwenyewe ndiye aliyetutangazia kwamba si rahisi hivyo. Lakini miguu ilikuwa inauma, na lile bango lilikuwa limeandikwa kwa maneno yake.

Nilimuuliza mbona hakusema. Angetuokolea wengi.

"Mngenicheka," alisema.

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia kweli, tungemcheka, tena mpaka leo tungekuwa hatujamaliza. Akaguna. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikashindwa kujizuia, tukacheka wote wawili mpaka mkewe akachungulia kuuliza kuna nini. Mzee akamwambia ni mambo ya hospitali.

Mkewe alipoondoka, mzee aliniomba nimtazamie kidonda. Kilikuwa kwenye unyayo, karibu na kisigino, mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kuinama akaona, na muuguzi anayekuja humwambia tu kinaendelea vizuri, neno ambalo alisema halina kipimo. Alikuwa amefunguliwa mshipa Mombasa wiki sita nyuma. Kabla ya hapo, alisema, kila walipokisafisha, hakikutoa hata tone.

Nilinawa mikono, nikavaa glavu, nikafungua bendeji. Alikuwa ameshika kingo za kiti chake kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba. Nilimweleza kama alivyonifundisha, bila kukisia: upana wake, kina chake, katikati bado rangi ya kijivu, harufu hakuna. Nikachovya shashi kwenye maji safi nikapitisha taratibu pembeni mwa kidonda.

"Kinatoka damu," nikamwambia.

Hakufumbua macho. Aliuliza upande gani.

"Pembeni. Pande zote."

"Rangi?"

Nikaiinua shashi dirishani, kwenye mwanga, nikaiangalia vizuri kabla ya kumjibu.

"Nyekundu," nikasema. "Nyekundu kabisa, mzee."

Akaachia kiti, mkono mmoja kwanza, kisha wa pili.